Plastiki iliyotoa jasho: uchambuzi wa kisa cha miche ya saipresi iliyooza ndani ya kivungulio, kaunti ya Nakuru

Nimeondoa jina la kikundi, la kijiji na la wanunuzi. Wanachama wenyewe ndio walioniomba niandike, kwa sababu hasara iliyowapata inaweza kumpata yeyote anayekuza miche ya miti chini ya plastiki katika maeneo yetu ya baridi.

Usuli

Kikundi kina wanachama 18, wengi wao akina mama, na kiko upande wa juu wa kaunti ya Nakuru, kule milima ya Mau inakoanza kupanda na watu hutoka nje asubuhi za Julai wakiwa wamejitanda blanketi. Saipresi huko ndiyo ua, ndiyo nguzo, ndiyo mbao, na mara nyingi ndiyo karo ya mtoto. Tangu serikali ilipotangaza mwaka wa 2022 lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na zaidi baada ya sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti ya tarehe 13 Novemba 2023, shule, makanisa na wenye mashamba wamekuwa wakitafuta miche kwa maelfu. Kikundi kilipata oda ya miche 20,000 ya saipresi kwa shilingi 15 kila mmoja, ya kukabidhiwa masika yakishika mwezi wa Aprili.

Saipresi haina haraka kwenye baridi. Huku juu, kutoka mbegu hadi mche wa kupanda shambani huchukua miezi minane hadi kumi. Ukihesabu kutoka Aprili kurudi nyuma unaangukia Juni, na hapo unatakiwa kusia mbegu wakati ambapo baridi imekaza. Kwa hiyo wazo la kutumia kivungulio lilikuwa zuri, na nalisema hili mapema kwa sababu baada ya hasara kuna waliodai kwamba grinihausi haifai miti. Inafaa, kwa kazi yake na kwa muda wake.

Kivungulio chenyewe kilikuwa cha mwanachama mmoja, mita 8 kwa 15. Alikuwa amekuza nyanya humo misimu miwili, zikanyauka zikiwa na matunda, akakiacha. Kikundi kiling'oa mabua, kikafagia, na kikajenga matuta sita ya mbegu palepale sakafuni, kingo zake zikiwa mabanzi kutoka kiwanda cha mbao. Mchanganyiko wa udongo ulikuwa ndoo tatu za udongo wa msituni, ndoo moja ya mchanga wa mto na moja ya samadi iliyokuwa imekaa miezi miwili hivi tangu itolewe zizini. Udongo haukuchemshwa wala kuanikwa.

Mtunza kitalu ni mama wa makamo ambaye kila mtu pale humwita Mama Kitalu, nami nitamwita hivyo. Amekuza miche nje, chini ya kivuli cha nyasi, kwa zaidi ya miaka kumi. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza chini ya plastiki.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Mbegu zilisiwa wiki ya tatu ya Juni. Kilo moja ya mbegu za saipresi ina mbegu zaidi ya laki moja, kwa hiyo hata kosa dogo la mkono humwaga nyingi mno mahali pamoja. Zilitawanywa kama mtu anavyotawanya wimbi, kisha zikafunikwa kwa udongo wa kina cha kidole kizima, ilhali kwa mbegu ndogo hivi kinachohitajika ni unene wa mbegu yenyewe na kidogo tu juu yake. Kila tuta lilimwagiliwa kwa keni asubuhi na jioni.

Zilianza kuota baada ya wiki mbili na nusu. Mama Kitalu alinionyesha picha alizopiga kwa simu siku hizo: matuta yote sita yamepambwa kijani, kama mtu aliyetandika zulia. Alikadiria miche elfu tano kwa kila tuta.

Wiki hiyohiyo baridi ikazidi. Wanachama waliogopa sakitu, ile barafu nyembamba inayolala kwenye nyasi alfajiri, wakaamua mapazia ya pembeni yafungwe saa kumi jioni na yasifunguliwe hadi saa nne asubuhi. Siku za mawingu hayakufunguliwa kabisa. Walizidisha pia maji ya jioni, kwa kuwa mtu mmoja aliwaambia udongo wenye maji hutunza joto. Jambo hilo ni kweli kwa kiasi fulani, na ndiyo maana lilikubalika bila ubishi.

Mwishoni mwa Julai kikaonekana kiraka cha kwanza katika tuta la 2, ukubwa wa kisosi cha chai. Miche ilikuwa imelala chali, majani bado kijani. Mama Kitalu alidhani ni viwavi wanaokata shina usiku. Alichokoa udongo kwa kijiti, hakupata kiwavi, akanyunyiza majivu ya jikoni. Siku ya pili kisosi kilikuwa sahani. Majivu yakaongezwa, safari hii juu ya matuta yote manne ya upande wa mlangoni, kama kinga.

Siku ya nne kijana mweka hazina alitumwa sokoni kununua dawa. Alirudi na dawa ya shaba, ikapigwa jioni, majani yakalala yakiwa yamelowa. Baada ya siku tano, viraka vikiwa vimeungana, walinunua dawa ya pili ambayo hakuna aliyesoma kibandiko chake hadi mwisho, wakaipiga kwa kipimo mara mbili. Ndipo waliponipigia simu.

Nilichokuta saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Niliomba nije kabla mapazia hayajafunguliwa. Huu ndio uamuzi mdogo uliofungua kisa chote. Mtu akiingia kivungulio saa sita mchana anakuta udongo umekauka juu, hewa ina joto, majani yanang'aa, naye ataapa kwamba hakuna unyevu. Saa kumi na mbili na nusu tulipoinua pazia la mlango, miwani yangu iliingia ukungu papo hapo. Paa lote lilikuwa limetoa jasho. Matone yalikuwa yamejipanga kwenye mabomba ya chuma yanayoshikilia plastiki, na kila baada ya muda tone moja lilikatika na kuanguka kwenye tuta: tap, kimya, tap.

Nilimwomba Mama Kitalu asimame nami tuyatazame yanapoangukia. Tulikaa kama robo saa bila kusema neno. Kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hebu ona. Viraka vimefuata bomba."

Ilikuwa hivyo hasa. Viraka vilivyokuwa vinaonekana kama vimetawanyika ovyo vilikuwa kwenye mistari miwili iliyonyooka, kila mstari chini ya bomba lake. Kati ya mistari miche ilikuwa imesimama, ingawa pale mistari ilipokuwa mikongwe zaidi viraka vilikuwa vimepanuka hadi kukutana.

Kisha tukafika mwisho wa kivungulio, kwenye matuta ya 5 na 6. Hapo mwenyekiti aliniwahi kwa kuomba radhi: neti na pazia la upande huo vilikuwa vimepasuka tangu enzi za nyanya, urefu wa mikono miwili, na hawakuwa wameshona. Baridi ilikuwa inapita hapo usiku kucha. Niliinama. Miche ya matuta hayo mawili ilikuwa imesimama karibu yote, mifupi kidogo kuliko mingine, shina lake gumu, lenye wekundu kidogo chini. Mbegu zilikuwa zilezile, udongo uleule, mikono ileile. Plastiki ya juu yake ilikuwa kavu.

Tulifanya jambo jingine moja ambalo natamani kila mtunza kitalu alijue. Tuling'oa miche kumi iliyokuwa imeanguka siku hiyo, si ile ya wiki iliyopita ambayo imeshaliwa na kila aina ya kuvu. Tukaisuuza polepole kwenye bakuli. Nikashika mzizi wa mmoja kati ya vidole viwili na kuuvuta taratibu: ganda la nje likavuka kama soksi, ukabaki uzi mweupe mwembamba wa katikati. Miche saba kati ya kumi ilifanya hivyo. Mitatu haikuvuka, hiyo ilikuwa na kovu kavu la kahawia shingoni, pale shina linapokutana na udongo, na shingo imenywea kama uzi uliofungwa kwa nguvu.

Dalili ya soksi ni ya kuoza kwa majimaji, ambako mara nyingi husababishwa na Pithiamu, kimelea jamii ya ukungu wa majini. Kovu kavu la shingoni hulingana zaidi na Rizoktonia, kuvu wa udongo. Magonjwa yote haya ya kuangusha miche michanga vitabu vya kilimo huyaita kwa jina moja, kinyausi, na jina hilo moja ndilo linalowafanya watu watafute dawa moja.

Kipimo cha pH tulichobeba, kile kinachoonyesha uchachu wa udongo (namba ikipanda, uchachu umepungua), kilisoma 6.4 katika tuta la 6 na 7.7 katika tuta la 2. Hayo yalikuwa majivu.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha maji siku tatu. Kulikuwa na mshtuko. Mtu akiona mche umelala, moyo wake humwambia una kiu. Lakini Pithiamu hutoa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea kwenye maji yaliyo katikati ya chembe za udongo. Ukimwagilia, unavipa njia ya kwenda kwa mche wa jirani. Baada ya siku hizo tatu tulikubaliana maji ni mara moja tu, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, na ni baada ya kufinya udongo kiganjani. Ukitoa maji au ukiganda donge linalong'aa, huo udongo usiguswe hadi kesho.

Uamuzi wa pili ulikuwa hewa, na hapa tulibishana hasa. Nilitaka mapazia yafunguliwe saa moja asubuhi na usiku yaachwe wazi upana wa kiganja upande wa juu, pande zote mbili, ili hewa yenye unyevu itoke. Mama Kitalu hakukubali.

"Mwalimu, wewe unalala mjini. Baridi ya huku uje uionje saa kumi alfajiri."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na sikutaka kumshinda kwa cheo. Tulichofanya ni kutundika kipimajoto sentimita 20 juu ya tuta la 4, na kukubaliana kwamba usiku ambao anga ni safi, hakuna upepo, na kipimo kimeshuka chini ya nyuzi 4 kufikia saa nne usiku, atatandika magunia juu ya matao ya fito badala ya kufunga kivungulio kizima. Gunia hupumua, plastiki haipumui. Saipresi ni mti wa milimani. Baridi kavu inaipunguzia mwendo tu. Baridi pamoja na majani yaliyolowa usiku mzima ndiyo huiua. Kwa mwezi mzima uliofuata magunia yalitandikwa mara tano.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuondoa viraka. Tulikata kila kiraka pamoja na udongo wake, tukiingia upana wa kiganja ndani ya miche iliyoonekana mizima. Hilo liliwauma akina mama kuliko jambo lolote, kuing'oa miche iliyosimama. Lakini pembezoni mwa kiraka mche unaoonekana mzima leo tayari mzizi wake umeshikwa. Udongo ulitiwa kwenye magunia na kufukiwa mbali na kitalu, na haukutupwa kwenye mboji. Majembe madogo na keni vilioshwa kwa dawa ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa tisa za maji.

Kuhusu dawa, tulisimamisha shaba. Shaba hukaa juu ya jani na kuzuia. Haishuki kwenye mzizi ulioanza kuoza. Tulitumia mara moja tu dawa yenye metalaksili na mankozebu, kwa kuimwagia udongo wa pembezoni mwa viraka katika tuta la 3 na la 4, kwa kipimo cha kibandiko, glavu mkononi na barakoa usoni. Metalaksili hupiga jamii ya Pithiamu lakini haigusi Rizoktonia. Mankozebu hugusa nyingi kwa juujuu. Matuta ya 1 na 2 hatukuyapa dawa, kwa sababu yalikuwa yamekwisha.

La mwisho, tulisia upya mwanzoni mwa Agosti. Safari hii ilikuwa kwenye trei, juu ya meza za mabanzi zenye kimo cha kiuno, mbali na udongo wa nyanya. Tulitumia mchanga ulioogeshwa na pumisi, yale mawe mepesi yanayochimbwa huku Bonde la Ufa na ambayo wakulima wa maua wa Naivasha huyatumia kukuzia, nusu kwa nusu, bila samadi. Tuliupitisha mchanganyiko kwenye mvuke ndani ya pipa lililokatwa, likiwa na wavu juu ya maji yanayochemka, hadi katikati ya rundo pafike nyuzi 70 kwa nusu saa. Njia ya kuanika udongo chini ya plastiki angavu kwa wiki nne hadi sita nayo ni nzuri, lakini inataka jua la Januari na Februari. Agosti ya huku juu haina jua hilo.

Pigo la pili, ambalo lilitokana na ushauri wangu

Kufikia katikati ya Agosti viraka vilikoma kupanuka. Mwishoni mwa mwezi huo miche ya matuta ya 5 na 6 ilianza kuhamishiwa kwenye vifuko, tyubu kama tunavyoziita: 9,400. Kutoka matuta manne ya mwanzo tuliokoa 3,800 tu, kati ya takriban 20,000 iliyokuwa imeota.

Nilishauri vifuko vyote vibaki ndani ya kivungulio hadi Novemba ili miche ifidie muda uliopotea. Havikuwa na pa kutosha, kwa hiyo vilipangwa vikibanana ukuta hadi ukuta. Oktoba miche ilikuwa imefika kiwiko cha mtoto na matawi yamefungana. Mvua za vuli zilipoanza na siku tatu zikapita bila jua, Mama Kitalu alinipigia simu. Alikuwa amepapasa matawi ya katikati, likaruka vumbi la kijivu.

Hilo vumbi ni mbegu za kuvu wa kijivu, Botritisi. Yeye hapiti kwenye mizizi. Huanza kwenye majani ya chini yaliyokufa kwa kukosa mwanga, akishajenga hapo hupanda kwenye matawi mabichi, na anapenda ubaridi wa kadiri pamoja na hewa iliyosimama. Mapazia yalikuwa wazi, maji yalimwagwa asubuhi, kila tulichokubaliana kilifuatwa, lakini ndani ya msitu ule mdogo wa vifuko hewa haikuingia. Nilikuwa nimefungua kivungulio nikasahau kufungua miche yenyewe.

Tulitoa vyote nje siku mbili zilizofuata, chini ya neti ya kivuli, safu nne nne zenye njia ya mguu katikati. Tulikata na kuokota majani yaliyokufa kwa mkono, asubuhi umande ukishakauka, kwa sababu kuyagusa yakiwa yamelowa kunasambaza. Hatukupiga dawa. Miche 1,400 ilipotea, karibu yote ikiwa ya katikati.

Matokeo

Kufikia katikati ya Mei kikundi kilikabidhi miche 10,600 iliyo na afya. Tofauti kati ya hesabu hizi na ile iliyohamishwa ni miche iliyokufa wakati wa kuhamishwa na ile iliyotupwa kwa udhaifu. Oda ilikuwa 20,000, kwa hiyo pengo lilikuwa 9,400, sawa na shilingi 141,000. Kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 ambayo saipresi ya mbao hupandwa, hekta moja huchukua miche 1,600. Pengo hilo ni karibu hekta sita ambazo hazikupandwa masika hayo. Mnunuzi mmoja alihamia kwingine. Wawili walisubiri.

Trei za Agosti zilitoa miche mizuri iliyochelewa. Ilipofika Aprili ilikuwa na nusu ya urefu unaotakiwa, na kikundi kilikataa kuiuza hivyo. Wameitunza 4,700 kwa msimu unaofuata.

Uchambuzi

Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni hatua ipi iliyoleta nafuu, maana maji, hewa, dawa na ukataji wa viraka vilibadilishwa wiki moja. Ushahidi ulio na nguvu zaidi hatukuupanga sisi, ni ule mpasuko wa pazia. Katika matuta yaliyokuwa karibu nao, miche tisa na zaidi kati ya kumi ilifika kwenye kifuko. Katika yale mengine, haikufika miwili. Hata hapo kuna tahadhari: keni ilianza kujazwa kutoka mlangoni, na Mama Kitalu alikiri kwamba akifika tuta la 6 tangi limepungua na mkono umechoka, hivyo matuta hayo yalipata maji kidogo. Wala hayakupata majivu. Hewa, maji kidogo na udongo ambao haukuguswa vilikwenda pamoja. Lakini mistari ya viraka chini ya mabomba inaniambia kwamba maji ya paa ndiyo yaliyowasha moto.

Majivu nataka niyazungumzie kwa kirefu kidogo, kwa sababu kila kitalu nilichotembelea kutoka Molo hadi Vihiga kina ndoo ya majivu. Yana kazi yake shambani. Lakini majivu hupunguza uchachu wa udongo, na miche ya jamii ya saipresi na paini hustahimili kinyausi vizuri zaidi udongo ukiwa na uchachu kidogo, pH kati ya 5 na 6. Ukipandisha kufika 7 na kuendelea unawapa vimelea uwanja. Majivu yaliyonyunyiziwa matuta mazima ya 1, 3 na 4 yaliwekwa kabla ugonjwa haujafika huko. Kinga ile iliutengenezea ugonjwa mahali pa kukaa.

Samadi changa nayo ilichangia. Nitrojeni nyingi mapema hufanya shina liwe laini na refu, na mbegu ina chakula chake cha wiki za kwanza. Haihitaji kupewa kingine. Utando wa kijani wa mwani uliokuwa juu ya udongo wa matuta uliwaleta visubi vyeusi vya udongo, ambao viluwiluwi vyao hutafuna vinyweleo vya mizizi na kuacha milango wazi. Hayo tuliyaona, hatukuyapima.

Kilichofaulu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile robo saa ya kukaa kimya alfajiri. Wiki mbili kabla yake kikundi kilitumia fedha kwa dawa mbili bila kung'oa mche hata mmoja na kutazama mzizi. Siwalaumu. Muuzaji wa dawa hupatikana kila soko, na kuvuta mzizi kati ya vidole viwili hakuna aliyewahi kuwaonyesha, mimi nikiwamo, ingawa nilikuwa nimewatembelea mara mbili mwaka uliotangulia kuzungumzia mambo mengine.

Kilichoshindwa upande wangu ni kufikiri kuwa kivungulio ni nyumba ya mche. Ni chumba cha kujifungulia. Saipresi ikishakuwa na majani yake halisi na kuhamishiwa kwenye kifuko, wiki tatu nne za kushika mizizi zinatosha. Baada ya hapo inataka upepo, jua na nafasi. Hofu ya kuchelewa ilinifanya niibakize ndani, kama vile hofu ya baridi ilivyowafanya wao wafunge mapazia.

Kuna jambo la pembeni kwa wale wanaokuza paini. Mwanachama mmoja alivutiwa na pipa letu la mvuke, akaupitisha udongo wake wote wa vifuko humo na kupanda paini. Miche yake haikuoza, lakini ilikaa kimo kimoja miezi mitatu, majani yakawa ya njano na zambarau. Paini haiwezi kuishi vizuri bila kuvu rafiki wanaoshikana na mizizi yake, maikoriza, na mvuke ulikuwa umewaua pamoja na maadui. Alichukua viganja vichache vya udongo kutoka chini ya paini kuukuu zenye afya, akachanganya kwenye kila safu, na baada ya wiki kadhaa rangi ikarudi. Tangu hapo mvuke anautumia kwa trei za kuoteshea mbegu tu.

Hali ilivyo sasa

Msimu huu matuta ya sakafuni hayapo tena. Meza za mabanzi zimejaza kivungulio, trei zimepangwa ili bomba lolote la juu lipite katikati ya njia badala ya juu ya miche. Samadi inaingia kwenye vifuko peke yake, na ni ile iliyokaa miezi sita. Ndoo ya majivu imehamia shamba la sukuma.

Mpasuko wa upande wa matuta ya zamani ya 5 na 6 haukushonwa. Mama Kitalu aliunyoosha kwa mkasi, akakata mwingine wa ukubwa uleule upande wa pili, na seremala wa kikundi akatia vifuniko vya mbao vinavyofunguka kwa kamba. Kila asubuhi ananitumia ujumbe mfupi. Wa leo unasema: "Mwalimu, nyuzi 7. Paa limetoa jasho kidogo upande wa mlango, nimefungua saa kumi na mbili na dakika ishirini. Siku ya kumi na moja tangu ziote, walioanguka sita, nimewang'oa, soksi ni mmoja."